Dawa za mama ziliisha katikati ya Pasaka

SWALI: Habari dada. Pasaka tulitoka Nakuru na mama tukaenda nyumbani Ahero, tukafika Ijumaa Kuu usiku. Jumamosi asubuhi mama anafungua mfuko wake anakuta tembe mbili tu za presha na za sukari hakuna kabisa. Kliniki yake iko Nakuru, na hadi Jumanne haifunguliwi. Kemisti wa kwanza alikataa kunipa bila karatasi ya daktari, wa pili akanipa dawa nyingine akisema zote ni za presha tu. Nililipa lakini mama akaogopa kuzimeza, akawa anakata zile zake nusu nusu hadi tukarudi. Ningefanya nini?
Binti wa Ahero

JIBU: Pole sana, na umpe mama pole, alifanya vizuri kuogopa. Huyo kemisti wa kwanza wala usimkasirikie. Dawa za presha si kitu kimoja, kuna zinazolegeza mishipa, kuna zinazokufanya ukojoe maji, na kuna kama atenolol ambayo inapunguza mbio za moyo, hiyo ukimpa mtu mwenye pumu unaweza kumbana kifua, na mwenye kuizoea akiiacha ghafla presha inaweza kupanda vibaya. Mtu anakwambiaje zote ni sawa na hajamuuliza mama hata swali moja?

Mngepanda matatu hiyo hiyo Jumamosi. Kliniki ya presha na sukari ndiyo inafungwa sikukuu, lakini kasualti ya hospitali kubwa haifungwi, iwe Jaramogi pale Kisumu (ile watu bado wanaita Russia) au ile kubwa ya kaunti hapo Nakuru. Si lazima uwe na faili hapo. Ukifika useme wazi, mama ana presha na sukari, dawa zimeisha leo. Watampima, watamwandikia za siku chache, na zikikosekana kwa famasia yao hiyo karatasi ndiyo unaenda nayo kwa kemisti. Mtakaa kwa foleni, ni kweli, maana wa ajali wanatangulia, kwa hivyo mbebee chakula na maji. Beba na kitambulisho chake, na kama hamjamsajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, msingoje augue ndio mkimbizane na simu.

Lakini mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakigongana, kifua kikiuma, au mwenye sukari akianza kutapika na kusinzia, hapo hamtafuti tena dawa, mnatafuta gari. Katiba kifungu cha 43 inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo asiwazuie mtu getini kwa sababu ya pesa.

Kitu kingine. Nilifanya kazi kwa kemisti miaka kadhaa na kuna mzee alikuja mkesha wa Krismasi, akafungua leso mbele yangu, ndani kuna kipande cha karatasi ya dawa kimekatwa kwa makasi, tembe moja imebaki. Jina liliishia kwa herufi tatu, miligramu zilikuwa kwa kile kipande kingine alichoacha nyumbani. Nikamuuliza ni gani, akasema ni ile nyeupe ndogo. Mwanangu, karibu zote ni nyeupe na ndogo! Ilibidi nimtume hospitali usiku huo. Kwa hivyo mama akitaka kugawanya dawa zake muachie ile sehemu yenye jina, na upige picha ya kitabu chake cha kliniki na ya kila pakiti, ikae kwa simu yako na ya ndugu yako mmoja.

Kukata nusu pia hakumsaidii, na dawa zikipatikana asimeze mbili kufidia, aendelee na kipimo chake cha kawaida. Kwa wale wa insulini hakuna kungoja hata siku moja, mnaenda siku hiyo hiyo. Na ikishafunguliwa nyingi hukaa kama wiki nne nje ya friji mradi joto lisipite 30, kwa hivyo huko Ahero ipate kivuli kizuri, usiiache kwa gari.

Zile ulizonunua kwa kemisti wa pili bado ziko kwa kabati? Usimpe jirani mwenye presha. Zipeleke kwa famasia ya hospitali siku mama akienda kliniki.