Kuhesabu jumbe pekee hakutoshi

Mwalimu mwenzangu wa Nakuru, unauliza utajuaje kama mijadala ya darasa lako la mtandaoni inawafaidi wanafunzi, maadamu jumbe zinafika 200 kwa wiki. Idadi hiyo isikupumbaze. Shule zilipofungwa Machi 2020, mimi pia nilihesabu jumbe hapa Kisumu, hadi nilipoketi kuzisoma: nyingi zilisema tu "nakubaliana na mwenzangu".

Chukua mjadala mmoja, uchore mshale kutoka kila jibu hadi kwa anayejibiwa. Mishale yote ikielekea kwako, hawajadiliani, wanafanya mtihani. Kisha pima kina cha fikra zao. Garrison, Anderson na Archer, watafiti wa Kanada, walieleza mwaka 2000 hatua nne za kufikiri katika mjadala wa mtandaoni: jambo linalochokoza fikra, kutafuta mawazo, kuyaunganisha, kufikia suluhisho. Wengi hukwama hatua ya pili, na naamini mara nyingi kosa ni la swali letu. "Taja athari za magugumaji Ziwa Victoria" huzaa orodha. "Mvuvi wa Dunga afanye nini magugumaji yakiziba ufuo?" huwafanya wapingane, na hapo ndipo wanapoanza kusomana kwa makini.

Wanyamavu usiwape sifuri upesi. Waulize kando. Wangu wengine walikosa bando, wengine walipata simu ya mzazi usiku tu. Nilipoongeza muda wa kujibu hadi siku tatu, nikawasikia.

Halafu linganisha insha zao za kabla na baada ya mjadala. Tafuta hoja ya mmoja iliyoingia kwenye insha ya mwingine.