Alama ya kuuliza kwenye karatasi ya mama

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Bahi. Aliharisha na kutapika, akalazwa siku tatu Dodoma mjini. Karatasi aliyoruhusiwa nayo imeandikwa: "HTN, ?CKD. Amlodipine 5 mg PO OD 1/12. Stop diclofenac. TCA 2/52, rpt creat." Nimeitafuta CKD kwenye simu nikaona habari za figo kufa na kupandikizwa. Hiyo 2/52 ndiyo figo iliyobaki? Mama sijamwambia kitu.

JIBU: Marahaba. Tuanze na 2/52, maana naona ndiyo imekunyima usingizi. Ni wiki mbili. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo tukiwa na haraka wiki tunaziweka juu ya 52, miezi juu ya 12, siku juu ya 7. Basi 1/12 ni dawa ya mwezi mmoja, na TCA 2/52 ni "arudi baada ya wiki mbili". Huo ni ufupisho wa kuandikiana sisi kwa sisi, na kusema kweli karatasi haikupaswa kutoka wodini bila mtu kuwaeleza.

CKD ni ugonjwa sugu wa figo, hapo simu haikudanganya. Ila wewe umetafuta CKD, daktari ameandika ?CKD. Alama hiyo mbele maana yake "nashuku, sijathibitisha". Na kwa siku tatu asingeweza kuthibitisha hata angetaka, kwa sababu hitilafu ya figo haiitwi sugu mpaka iwe imedumu angalau miezi 3. Hiyo "creat" ni kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikijaa kwenye damu, figo zimelemewa. Zimelemewa tangu lini, kipimo kimoja hakisemi. Mtu aliyeharisha na kutapika mpaka akaishiwa maji, huku anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kreatinini yake inaweza kupanda wiki hii na kushuka baadaye. Ndiyo maana wameandika "rpt": ipimwe tena. Na ndiyo maana diklofenaki imezuiwa. Asihamie kwenye ibuprofeni, hizo ni ndugu.

Neno "sugu" nalo lina lawama zake. Mtaani linakuja na jambazi. Hospitalini linahesabu muda tu. Mwenzake ni "acute", ambalo wengi hulitafsiri "kali" wakati ni "la ghafla": mafua yaliyokuanza juzi ni acute, na unaendelea na kazi zako. Hata ugonjwa sugu wa figo una hatua 5, na habari za kusafishwa damu au kupandikizwa ni za huko mwishoni. Najua ukiwa Dodoma ukisikia figo unawaza Hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa kuwa wanapandikiza pale tangu 2018. Karatasi ya mama haijafika huko.

HTN ni presha ya kupanda, na hiyo haina alama ya kuuliza. PO ni kwa mdomo, OD mara moja kwa siku. (Kliniki ya macho OD hiyohiyo ni jicho la kulia. Lawama wapeni Walatini.) Amlodipine ndiyo dawa ya hiyo presha, asiiache kwa kuwa anajisikia vizuri. Mwezi ukiisha, kilichoisha ni pakiti. Hii siyo dozi ya malaria. Chumvi apunguze, na magadi ya kwenye mlenda yamo humohumo, nayo yana sodiamu.

Mwambie mama. Anaona unavyomwangalia.

Mkojo ukipungua sana, uso au miguu ikivimba, akipumua kwa shida au akianza kuchanganyikiwa, msingoje wiki mbili, mrudisheni siku hiyohiyo. Kama yote ni shwari, siku ya kurudi bebeni kwenye mfuko kila dawa anayomeza: za hospitali, za miti shamba, na zile za dukani anazozificha chini ya godoro.