Kwa wanaoanza kazi ya uhifadhi vijijini: anzeni na shamba lililoliwa

Wengi mnaingia kwenye kazi hii mkiwa mnawajua wanyama vizuri. Mnajua tembo anaweza kula kilo 150 kwa siku na hubeba mimba miezi 22. Mkulima anayelala dunguni hesabu ya kilo 150 anaiona asubuhi shambani kwake.

Kwa hiyo mkutano wa hadhara uache kwanza. Ukisikia tembo wameingia, nenda siku hiyohiyo. Pima eneo, andika zao lilikuwa hatua gani, nyayo zimetokea wapi, na kama ni madume au kundi lenye watoto. Mara nyingi wavamizi ni madume, tena huja usiku mazao yakikaribia kukomaa. Daftari la msimu mmoja huonyesha njia zinazorudiwa, na hapo ndipo pa kuweka nguvu. Suala la pesa shika ulimi: hata Tanzania, ambako kuna kifuta jasho, yaani pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, hulipwa kwa ekari wala hakifikii thamani ya mavuno. Usiahidi usichokishika.

Uzio wa nyuki mtausikia mapema. Mtafiti Lucy King aliuendeleza Kenya, na Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki, umetumika kwa miaka mingi. Mizinga huning'inizwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Mimi naukubali. Ila huo ni ufugaji, una kazi zake. Nyuki wanataka maji na maua. Ukame ukikaza wanahama, na tembo haogopi mzinga mtupu. Kabla ya kuagiza chochote, uliza nani atakagua waya, nani atarina, na asali itakuwa ya nani. Ukijibiwa "mradi", usiagize.

Pilipili iliyochanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba ni nafuu kuanza nayo, lakini inataka kupakwa upya kila mara. Karibu na chanzo cha maji sipendi kuiona kabisa.

Na kama shamba limefunguliwa katikati ya ushoroba, yaani mapito ya wanyama, nyuki na pilipili havitatosha. Hapo panahitaji mpango wa matumizi ya ardhi, na uamuzi ni wa wanakijiji wenyewe. Kazi yako ni kulifikisha daftari kwenye kikao chao kabla mashamba mapya hayajagawiwa.