Fundi wa Jukwaa Anajibu: Jumba lililohamishwa ng'ambo ya mto

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimemaliza kusoma Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Mwenzangu anasema zamani mchezo huo ulichezwa London kwenye jumba lisilo na paa, tena lililojengwa kwa mbao za wizi. Kuna ukweli hapo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na huo wizi, maana ndipo ilipo kazi ya fundi.

Mwaka 1576 James Burbage, seremala aliyegeuka mwigizaji, alijenga jumba la michezo Shoreditch akishirikiana na shemeji yake, John Brayne. Alikwenda nje ya mipaka ya London makusudi: wakuu wa jiji waliona michezo inaleta fujo na tauni, na Shoreditch amri zao hazikufika. Jumba lilikuwa lake, kiwanja kilikuwa cha Giles Allen, kwa mkataba wa miaka 21. Muda ulipokwisha 1597, Allen na akina Burbage hawakuelewana. James alikuwa ameshafariki, mzigo ukawaangukia wanawe, Cuthbert na Richard. Kama umewahi kujenga kwenye kiwanja cha kupanga, unajua walivyokosa usingizi.

Tarehe 28 Desemba 1598, Allen akiwa kwake Essex, ndugu hao walifika na seremala Peter Street pamoja na vibarua, wakaanza kulifungua jumba. Nasema kulifungua, si kulivunja. Fremu za mwaloni za wakati ule hazikutegemea misumari. Ncha ya boriti moja ilichongwa, ikachomekwa kwenye tundu la nyingine, kisha ikakazwa kwa kigingi cha mti. Ukiking'oa kigingi, boriti inatoka nzima. Boriti hizo zilivushwa mto Thames hadi Southwark, na mwaka 1599 zikasimama tena kwa jina jipya: Globe. Allen alishtaki, hakufanikiwa. Mkataba wa awali ulikuwa na kifungu kinachomruhusu mpangaji kuondoa alichojenga. Mimi niko upande wa akina Burbage, ingawa kuvizia siku za Krismasi, mwenye kiwanja hayupo, kunaonyesha wenyewe hawakuwa na uhakika sana na hicho kifungu.

Paa lilikuwepo, ila halikufunika kote. Roshani za ghorofa tatu zilizunguka uwanja wa wazi, nazo ziliezekwa nyasi. Jukwaa lilichomoza hadi katikati ya uwanja, juu yake kibanda kilichobebwa na nguzo mbili, nyuma yake chumba cha waigizaji kubadilishia nguo. Mswisi Thomas Platter aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599, baada ya chakula cha mchana, alivuka mto akatazama mchezo wa Kaizari kwenye nyumba ya nyasi. Wataalamu wengi wanaamini ni Globe. Huyo Platter ndiye aliyetuachia bei: peni moja kusimama uwanjani, peni ya pili ukitaka kukaa, ya tatu ukitaka kukalia mto. Fedha zilikusanywa kwenye vibubu vya udongo, na vigae vyake vimefukuliwa pale lilipokuwa jumba la Rose.

SWALI: Fundi, kwa nini majumba ya michezo ya zamani kule London waliyajenga ya duara? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Nani kakwambia ni duara, bwana? Boriti ya mwaloni haipindwi kama fito. Rose, lililojengwa 1587 na kufukuliwa 1989, lilikuwa na pande 14, nyoofu zote. Fortune la mwaka 1600, kazi ya Peter Street yuleyule, lilikuwa mraba: futi 80 kila upande kwa nje, futi 55 kwa ndani, jukwaa upana futi 43, gharama pauni 440. Mkataba wake upo hadi leo, na huwa nawasomesha vijana wangu, maana unataja hata kimo cha kila ghorofa: futi 12, 11, kisha 9. Na Curtain, ambalo watu walilichora duara miaka mingi, wachimbaji walipofika chini mwaka 2016 walikuta mstatili.

SWALI: Globe bado lipo? – Msomaji, Muscat

JIBU: Lile la kwanza liliungua tarehe 29 Juni 1613. Mzinga ulifyatuliwa katikati ya mchezo, cheche zikashika nyasi za paa, na kabla ya saa moja kwisha limekuwa majivu. Hakuna aliyekufa, mtu mmoja suruali yake ilishika moto, akazimwa kwa bia. Walijenga tena 1614, safari hii kwa vigae, na wangetumia vigae tangu mwanzo kama si kubana fedha. Mwaka 1642 Bunge lilifunga majumba yote ya michezo.

La sasa lilifunguliwa 1997, karibu na pale pa zamani, tena kwa paa la nyasi, ila limewekewa mabomba ya kuzimia moto. Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walicheza hapo mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili. Tiketi za kusimama bado zinauzwa. Chukua koti la mvua. Mwavuli hawaruhusu, unawaziba wa nyuma.