Maswali Yenu: Sayansi ya Mazingira katika Chuo cha Jamii

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka California, kwa wasomaji walio kwenye vyuo vya jamii au wanaotaka kujiunga navyo. Hivi ni vyuo vya umma vya miaka miwili: unaweza kuishia hapo na cheti cha kazi, au ukahamia chuo kikuu kumalizia shahada.

Nilifika San Diego miaka miwili iliyopita nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu na diplôme d'État (cheti cha kumaliza sekondari) ya Kongo. Nataka kusoma sayansi ya mazingira, baadaye nihamie chuo kikuu. Chuo cha hapa jirani kina AS (shahada ya sayansi ya miaka miwili), kina AS-T (ile ya kuhamia chuo kikuu), na tena kina "masomo ya mazingira". Nichukue ipi, na gharama yake ni kiasi gani? — D., San Diego

Ndugu D., anza na unakokwenda. Kabla hujachagua jina la kozi, fungua tovuti ya ASSIST. Weka chuo chako upande mmoja, upande wa pili weka chuo kikuu unachokitaka, kisha chagua shahada. Itakuonyesha, somo kwa somo, lipi la chuo chako linahesabiwa badala ya lipi la kwao. Ichapishe hiyo karatasi uende nayo kwa mshauri wa masomo. Ukienda mikono mitupu utapewa ratiba ya jumla, na ratiba ya jumla haijui unakokwenda.

Ikiwa unalenga California State University, chukua AS-T. Ni yuniti 60 (yuniti ni kipimo cha uzito wa somo), wastani wa alama usishuke chini ya 2.0, nawe unahakikishiwa nafasi katika kampasi mojawapo ya CSU, ambako utabakiza yuniti 60 nyingine. Tumesema mojawapo: huenda isiwe iliyo karibu na nyumbani. AS ya kawaida haina dhamana hiyo. University of California wana utaratibu wao, unaoitwa TAG, ambao kampasi 6 hukuahidi nafasi mapema: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Maombi yake hupokelewa Septemba 1 hadi 30 tu. Kampasi yao ya San Diego haimo, kwa hiyo huko utaomba kama watu wengine.

"Masomo ya mazingira" huegemea sera, sheria na jamii, kemia yake ni kidogo. Si kozi ya watu dhaifu. Tatizo ni kwamba ukija kuipenda maabara baadaye, utarudi kuanza masomo ya mwaka wa kwanza.

Na hapo kwenye kemia ndipo wengi wanapopoteza mwaka mzima. Kemia ya jumla ya kwanza lazima iishe ndipo uingie ya pili, na hiyo ya kwanza yenyewe hudai aljebra. Kwa kawaida kila moja ni yuniti 5: saa 3 za darasa na saa 6 za maabara kwa wiki, juu yake weka saa 6 za kusoma mwenyewe. Hizo ni saa 15 kwa somo moja. Ukiisogeza mpaka mwaka wa pili, miaka miwili inakuwa mitatu. Angalia pia namba ya somo kabla ya kujisajili, maana vyuo vingi vina kemia nyepesi kwa wasiosomea sayansi. Utailipia na utaifaulu, ila chuo kikuu hakitaihesabu kwenye shahada yako.

Ada ya mkaazi wa jimbo ni dola 46 kwa yuniti, yaani dola 2,760 kwa yuniti zote 60. Ukaazi huo hutaka uwe umeishi California mwaka 1 na siku 1, jambo ambalo kwako limepita. Jaza FAFSA (fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo) kabla ya Machi 2. Kwa mwenye kipato kidogo, msaada uitwao California College Promise Grant hufuta ada hiyo yote, lakini vitabu, miwani ya maabara na nauli vinabaki juu yako. Diploma yako itafsiriwe kwa Kiingereza, na nakala halisi usimwachie mtu.

Neno moja kwa waliosoma kwa Kifaransa: mkato. Ulichozoea kuandika 0,025 hapa ni 0.025, na 1,250 ni elfu moja mia mbili hamsini. Kwenye maabara kosa hilo ni la mara elfu. Na azote ni naitrojeni, alama yake N.

Tulipima oksijeni iliyoyeyuka majini kwa njia ya Winkler, ya kudondosha dawa mpaka rangi ipotee. Maji ya ndoo moja, nyuzi 22. Mwenzangu alipata 7.9 mg/L, mimi 11.2. Dawa ni zilezile na chupa zetu zote ni za ml 300. Bureti yangu (mrija wa kudondoshea, wenye alama za ml) ilikuwa na dawa iliyoachwa na kundi la kabla yetu, nikaendelea nayo. Mwalimu ameandika "haiwezekani" pembeni. Nilikosea wapi? — Mwanafunzi, Sacramento

Mwalimu yuko sahihi. Maji ya kawaida yasiyo na chumvi, katika nyuzi 22, usawa wa bahari, hushika oksijeni kama 8.7 mg/L. Yakizidi hapo sana, ama kuna mwani unaotengeneza oksijeni juani, ama kipimo kimekosewa. Mwani ungemzidishia na mwenzako pia.

Toa 7.9 kwenye 11.2, unabaki na 3.3. Tunashuku bureti yako ilianzia alama ya 3.3 nawe ukasoma ya mwisho peke yake. Katika njia hii, kwa sampuli ya ml 200 kutoka kwenye chupa na thayosalfeti (dawa ya kwenye bureti) ya 0.025 N (N hapa ni nomali, kipimo cha nguvu ya dawa, si naitrojeni), kila ml 1 iliyotumika ni 1 mg/L ya oksijeni. Ndiyo maana kosa la kusoma huingia kwenye jibu zima bila kupungua. Andika alama ya kuanzia kabla hujagusa koki, hata kama ni sifuri.

Kama daftari linaonyesha uliitoa hiyo alama ya kuanzia, angalia wanga. Wanga, unaogeuka bluu ukikutana na ayodini inayotokana na oksijeni ya sampuli, hutiwa pale rangi ya ayodini hiyo inapokuwa imefifia kama nyasi kavu. Ukiutia mapema, rangi ya ayodini ikiwa bado imekolea, wanga huishika ayodini na kuiachia polepole, nawe unaendelea kudondosha ukipita mwisho. Bluu ikishapotea, simama. Ikirudi baada ya muda usiifuate: mara nyingi huo ni naitraiti au hewa, si oksijeni ya sampuli.

Kiputo cha hewa chini ya kizibo nacho huongeza, ila si kiasi hicho. Ml 1 ya hewa ina oksijeni kama mg 0.28, ambayo kwenye chupa ya ml 300 inakuongezea kama 0.9 mg/L. Kufikia 3.3 ungehitaji kiputo cha zaidi ya ml 3, na hicho ungekiona. Hata hivyo jaza chupa mpaka imwagike, mpira wa kujazia ufike chini kabisa, na dawa mbili za mwanzo uzitie ncha ya pipeti ikiwa ndani ya maji. Mashapo ya kahawia yaache yatue mpaka nusu ya juu iwe safi, tikisa tena, yatue tena, ndipo uweke asidi.

Niko Morogoro, nimemaliza kidato cha sita kwa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Rafiki ananiambia niende chuo cha jamii Marekani kwa viza ya mwanafunzi kwa kuwa ni rahisi. Ni kweli? — Msomaji, Morogoro

Ni rahisi kwa mkaazi. Wewe utalipa ada ya mgeni, ambayo ni mara kadhaa ya ile dola 46, na FAFSA haikuhusu. Kabla ya kupewa fomu ya I-20, ambayo chuo hukupa ili uombee viza, utaonyesha fedha za mwaka wa kwanza. Ukiwa na hiyo viza ya mwanafunzi, F-1, lazima usome walau yuniti 12 kila muhula, somo moja tu la mtandaoni ndilo linahesabiwa humo, na kazi ni ya ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kisichosemwa sana ni hiki: ukihitimu unaweza kuombewa miezi 12 ya kazi ya mafunzo, lakini nyongeza ya miezi 24 wanayopewa wa sayansi inataka shahada ya kwanza au zaidi. Shahada ya miaka miwili haikufikishi hapo. Sisi, kama alama zako zinakuruhusu, tungeanzia Chuo Kikuu cha Sokoine hapohapo mjini kwako, na Marekani tungeiwekea shahada ya pili.

Nafanya kazi ya usiku ghalani, sina mpango wa chuo kikuu. Nasikia mitambo ya maji inaajiri. Lazima niwe na shahada? — Baba wa watatu, Fresno

Hapana, unahitaji leseni ya Bodi ya Maji ya jimbo. T1 hadi T5 ni za kusafisha maji ya kunywa, D1 hadi D5 za kuyasambaza. Ngazi ya kwanza ni mtihani tu kwa mwenye cheti cha sekondari au GED (mtihani wa kulingana nacho). Ya pili inataka pia kozi ya saa 36, na hiyo ndiyo chuo cha jamii hufundisha jioni. Kuanzia ya tatu wanataka uzoefu kazini. Maji taka yana leseni zake, I hadi V, na huko huanzi na leseni: unaajiriwa kwanza kama mwanagenzi.

Kinachowaangusha watu ni hesabu, hasa hii moja: pauni za dawa kwa siku = mtiririko (galoni milioni kwa siku) × dozi (mg/L) × 8.34. Hiyo 8.34 ni uzito wa galoni moja ya maji kwa pauni, na mg/L moja ni sawa na pauni moja ndani ya pauni milioni za maji. Mtambo wa galoni milioni 2 kwa dozi ya 1.5: 2 × 1.5 × 8.34 = pauni 25.02 za klorini. Ukiandika 2,000,000 badala ya 2, utapata pauni milioni 25. Ukipewa galoni kwa dakika, zidisha kwa 1,440 kwanza, kisha ugawe kwa milioni. Halafu soma swali mpaka mwisho: likisema unga wa hipokloraiti wenye nguvu ya 65%, gawa kwa 0.65, na jibu ni pauni 38.5. Ile 25 nayo watakuwa wameiweka kwenye majibu ya kuchagua, inamsubiri mwenye haraka.