Usiache Kuchezea Vifaa Vyako, Mdogo Wangu

Juzi kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniandikia. Amepata kazi ya kuandika programu, na mwajiri wake amemwambia kwamba kukesha na nyaya na vihisi, vile vifaa vidogo vya kupimia joto, umbali na kadhalika, ni kupoteza wakati. Akaniuliza: niache? Nilimjibu hapo hapo, "Usiache," kisha nikaona neno hilo peke yake halitoshi.

Miaka michache nyuma nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja wa jumla, karibu na Marikiti, mfumo wa kupokea malipo ya M-Pesa. Mteja akilipa, taarifa inaingia kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu, na deni lake linapungua. Nikajiona nimefika. Ukaja mwisho wa mwezi, oda zikafurika, seva ikaanza kuchelewa kujibu. Programu yangu isipopata jibu hurudia kutuma, basi malipo yale yale yakahesabiwa mara mbili. Madeni ya watu yakafutika bila kulipwa.

Mwenye duka aligundua kabla yangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliniita mbele ya wapagazi na wateja wake akaniambia, "Mwanangu, nimekuaminia mali yangu, nawe umeimwaga." Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa wiki mbili na daftari lake la karatasi nikisahihisha deni baada ya deni, bila malipo, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Barazani habari zilinitangulia. Kwa muda mrefu simu yangu haikulia.

Jioni zile nilikuwa nashinda Tudor, kwenye gati dogo la jamaa yangu, napima kina cha maji ya bahari kwa kihisi na kibao cha ESP32, kompyuta ndogo mno yenye waifai. Kihisi hutoa sauti isiyosikika, nayo hugonga maji na kurudi. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukizidisha muda wa mwangwi kwa kasi hiyo, ukagawa kwa mbili, umepata umbali. Hapa kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti yake hupita mita 3. Kuliona lile jambo walilolijua wavuvi wetu tangu enzi likijichora lenyewe kwenye kioo cha simu, wallahi, raha yake siwezi kuieleza. Chumvi ilinilia vibao viwili. Nikanunua cha tatu.

Usiku mmoja waifai ikawa inakatika, na asubuhi nikakuta vipimo vimejirudia viwili viwili. Kibao hakikupata jibu, kikatuma tena. Nikaganda. Kosa lilikuwa lile lile la dukani! Ila hapa hapakuwa na wa kunifokea, nikaweza kufikiri. Nikakipa kila kipimo nambari yake, nikaiamuru hifadhidata ikatae nambari iliyokwisha kuingia. Mistari michache tu. Na malipo ya M-Pesa kila moja huja na nambari yake ya muamala, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, jumla yake 10. Muda wote ilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikiihifadhi kwa ajili ya risiti tu.

Leo maduka matatu ya mji huu yanatumia mfumo wangu, na hakuna shilingi iliyohesabiwa mara mbili. Najivunia, sitaficha.

Kwa hiyo usiache. Pima maji, pima joto la chumba, pima chochote ambacho hakijali unavyotaka kiwe. Kata waifai makusudi. Zima seva katikati ya kazi uone kitakachoharibika. Kazini hutaruhusiwa kuvunja, basi vunja nyumbani, na uvunje tena. Nanyi waajiri, kijana anayekesha na nyaya si mvivu. Anajifunza kwa pesa zake yale ambayo mngeyalipia kwa hasara zenu. Na sisi waandishi wa programu tumche Mungu: mali ya mtu ni amana. Kabla hujamkabidhi mtu mfumo wa pesa, jiulize taarifa hii ikija mara mbili itakuwaje. Jiulize tena ikija mara tatu.

Yule mfanyabiashara nilimwandikia mwezi jana, nikamweleza kosa lilikuwa wapi na dawa yake ni ipi. Hajajibu. Kihisi kingali pale Tudor, kinatuma kipimo kila dakika 5. Mdogo wangu, ukitaka kukiona njoo Jumamosi maji yakipwa, na usivae viatu vya maana, pana matope.