Baba alihamia jimbo jingine: maswali yenu kuhusu mirathi Marekani

*Shikamoo mama. Baba wa mwanangu alisaini fomu ya kukiri ubaba hospitalini Ohio, ingawa hatukufunga ndoa. Baadaye akahamia Texas na amefia huko. Ndugu zake wanasema karatasi ya Ohio haina kazi Texas.*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Karatasi hiyo ina kazi. Sheria ya shirikisho inalibana kila jimbo kuheshimu ubaba uliothibitishwa katika jimbo jingine, iwe kwa fomu ya hiari au kwa amri ya mahakama. Aliyesaini huwa na siku 60 za kujitoa. Zikishapita, atakayeipinga fomu lazima athibitishe mahakamani kwamba kulikuwa na udanganyifu, shuruti au kosa la msingi kuhusu ukweli. Omba Ohio nakala iliyothibitishwa, uipeleke mahakama inayosikiliza mirathi yake.

*Sisi hatukusaini chochote. Alimlea binti yetu vizuri, kisha akafariki ghafla Houston, Texas. DNA bado inafaa?*

Kwa Texas, inafaa. Mtoto anaweza kwenda mahakama ya mirathi hata baba akiwa ameshazikwa, na mahakama inaweza kuamuru ndugu wa marehemu wapimwe. Ushahidi ukiwa wazi na wa kushawishi, binti atahesabiwa kama watoto wengine. Wahi kabla mali haijagawanywa, maana nyumba ikishauzwa kuirudisha ni shida kubwa.

Majimbo mengine ni magumu zaidi. Mwaka 1977, katika kesi ya Trimble v. Gordon, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya Illinois iliyomnyima mtoto wa nje ya ndoa mirathi ya baba asiyeacha wosia. Mwaka uliofuata, katika Lalli v. Lalli, mahakama hiyohiyo ikaiachia New York sharti lake kwamba ubaba uwe umeamuliwa na mahakama baba angali hai. Kijana wa kesi ile alikuwa na hati rasmi ambayo baba yake alimwita mwanawe, na bado alikosa. Inaniuma kila nikiikumbuka. New York imelegeza tangu wakati huo, lakini kwingine sharti la kuwahi bado linawanyima watoto haki.

*Marehemu aliishi Minnesota, ila ana nyumba Georgia. Tufuate sheria ya wapi?*

Kwa kawaida, nyumba na ardhi hufuata sheria ya jimbo zilipo. Fedha za benki na gari hufuata sheria ya jimbo alikokuwa na makazi. Jiandaeni kufungua shauri pande zote mbili.

*Na mafao ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani?*

Hayo ni mbali na mirathi, wala usisubiri kesi iishe. Barua aliyoandika marehemu akikiri mtoto ni wake inaweza kutosha, au amri ya mahakama ya kutoa matunzo ya mtoto iliyotolewa kabla hajafa. Mtoto hulipwa hadi miaka 18, au 19 akiwa bado sekondari. Malipo ya nyuma hayazidi miezi sita, kwa hiyo kila mwezi unaochelewa unaweza kumgharimu.

*Mimi ni baba, niko Arizona, mwanangu yuko na mama yake Minneapolis. Nifanye nini sasa?*

Ubarikiwe kwa kuuliza ukiwa hai. Saini fomu ya ubaba na mama yake. Kisha andika wosia unaomtaja mtoto kwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Usiishie kuandika "watoto wangu", maana hapo ndipo ndugu huanza kuuliza ni watoto gani. Nakala moja mwachie mama yake.